Machungwa ya Mtaa wa Mott

Machungwa yalikuwa mengi kuliko wanunuzi. Yalipangwa juu ya meza ya mbao mbele ya duka la matunda, yanang'aa, na muuzaji mwenyewe alikuwa mwigizaji wa kulipwa kwa siku. Nilisimama upande wa pili wa Mtaa wa Mott, nyuma ya vizuizi vya polisi, kati ya mama mmoja wa Kiitaliano aliyevaa nguo nyeusi tupu na vijana wa Kichina waliotoroka shule. Sote tulikuwa tunamngoja mzee fulani atoke ndani ya jengo aje kupigwa risasi.

Hiyo ni New York, Aprili 1971. Mimi nilikuwa kijana wa Tanga niliyefika kule kwa kazi za melini, nikashuka nisipande tena. Mchana nikiosha vyombo katika mgahawa karibu na Mtaa wa Canal, pale ambapo maduka ya Wachina yanakwisha na ya Waitaliano yanaanza. Jioni nilisoma. Usiku nililala Harlem, katika chumba nilichopangishiwa na mzee mmoja baharia wa Mombasa ambaye alikuwa ameizunguka dunia mpaka akaichoka. Siku hizi wajukuu wananionyesha kwenye simu vipande vya ile filamu, The Godfather, wakidhani wananifundisha kitu. Nawaacha. Lakini kuna mambo ambayo simu haina.

Mtaa ulikuwa umerudishwa nyuma hadi Krismasi ya mwaka 1945. Magari ya kisasa yameondolewa, mahali pake yameegeshwa magari meusi yenye mabega mapana. Vibao vya maduka vimebadilishwa, na juu ya mlango mmoja kumetundikwa jina la kampuni ya mafuta ya zeituni, Genco, ambayo haikupata kuwepo. Wapita njia wa kulipwa walivaa makoti mazito na kofia. Watazamaji tusiolipwa tulijaa kila mahali: madirishani, juu ya mapaa, kwenye zile ngazi za chuma za kukimbilia moto zilizoshikizwa mbele ya kila nyumba ya mtaa ule. Wenyeji hawakukosa la kusema. Bibi mmoja alipayuka kutoka ghorofani kwamba zama zile hakuna mtu aliyeuza matunda kwa bei ile iliyoandikwa, na mfanyakazi wa filamu akainua mikono kuomba radhi.

Marlon Brando alipotoka sikumtambua. Nilikuwa nimemwona katika sinema za nyumbani akiwa kijana wa gatini, kifua wazi, mkorofi. Huyu aliyetoka alikuwa mtu mzima mzito, shingo imezama kwenye kola, anakwenda kwa kukokota. Mwezi uleule alikuwa ametimiza miaka 47. Miaka ishirini zaidi aliongezewa na Dick Smith, fundi wa sura, pamoja na kifaa maalumu cha meno kilichomtunisha mashavu kwa ndani. Kifaa hicho kimehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya filamu huko Queens, na watu wanalipa kiingilio kwenda kukitazama. Wazo lenyewe lilianzia nyumbani kwa Brando. Wakubwa wa Paramount hawakumtaka kabisa. Walimwona msumbufu ambaye filamu zake haziingizi pesa. Walipokubali kwa shingo upande waliweka masharti: afanyiwe majaribio ya kamera, apokee malipo kidogo, na aweke dhamana kwamba hatawachelewesha. Francis Ford Coppola, mwongozaji, aliogopa kumtamkia mtu mwenye jina kama lile neno "majaribio". Akaenda kwake na kamera kana kwamba anacheza tu. Brando akajipaka dawa ya viatu kichwani, akajaza karatasi za shashi mashavuni, akaanza kunung'unika. Waliporudi kuwaonyesha wakubwa ile picha, mabishano yakaisha.

Basi akavuka barabara kwenda kwa muuza matunda. Akaonyesha hili, akaonyesha lile. Watu wawili wakaja mbio kutoka pembeni, na hapo milipuko ikaanza. Nakumbuka zaidi sauti, jinsi ilivyodunda kwenye kuta za matofali na kurudi, na njiwa wote wa mtaa kuruka kwa mpigo. Brando aliangukia gari, akateleza, akabiringika chini, na machungwa yakamfuata barabarani. Umati mzima ukaguta. Mama wa nguo nyeusi akajipiga ishara ya msalaba. Kisha mtu akatoa amri, Brando akainuka akijikung'uta, na mtaa wote ukampigia makofi, mama yule naye akiwemo.

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Vijana wa kuajiriwa waliingia barabarani kuokota machungwa moja moja, wakayafuta, wakayarudisha mezani. Mtoto mmoja aliiba mawili, akafukuzwa hadi pembe ya mtaa. Halafu wakarudia. Miaka mingi baadaye nilisoma maandishi ya wasomi wakieleza kwamba chungwa katika filamu ile ni alama ya mauti, kila linapoonekana mtu hufa. Dean Tavoularis, aliyebuni mandhari, alieleza sababu yake kwa ufupi: filamu ina giza mno, palihitajika rangi. Mimi niliyeona yakiokotwa namwamini fundi.

Kuna mwingine nilimwangalia siku ile bila kujua ni nani. Mtu mwembamba, macho makubwa, alitoka kwenye gari baada ya risasi kwisha, akahangaika na bastola ikamponyoka, akakaa ukingoni mwa barabara akalia. Alikuwa John Cazale, anayecheza Fredo, mtoto dhaifu wa Don, yule mzee aliyechezwa na Brando. Hiyo ilikuwa filamu yake ndefu ya kwanza. Aliishi kucheza tano tu kabla ya kufa mwaka 1978, na zote tano zilipendekezwa kwa Oscar ya filamu bora. Siku ile hakuna aliyempigia makofi, na kilio chake hakikuonekana kama cha kuigiza.

Lakini walionivuta macho kuliko waigizaji ni wanaume waliosimama mbele kabisa ya umati, mahali ambapo polisi hawakuruhusu mtu kusimama. Suti nzuri, viatu vinavyong'aa, mikono mifukoni. Mpishi wa mgahawa wetu, Mtaliano wa kuzaliwa palepale, aliniminya kiwiko. Hakutaja jina la mtu. Aliniambia tu niache kuwakodolea macho. Wale mabwana walikuwa wamekuja kujiangalia wenyewe, na kwa nyuso zao waliridhika na walichokiona.

Jinsi walivyofika kwa amani ni hadithi nyingine. Mwaka 1970 Joseph Colombo, mkuu wa moja ya koo tano za ujambazi za New York, alianzisha chama cha kutetea haki za Wamarekani wenye asili ya Italia. Hoja yake ilikuwa kwamba serikali na sinema zinawachafulia jina watu wema. Na ukweli ni kwamba walikuwepo maelfu ya watu wema waliokerwa kweli, waashi na washona nguo waliochoka kuitwa majambazi. Bwana yule alipanda juu ya hasira yao. Aliposikia riwaya ya Mario Puzo inatiwa kwenye filamu, kazi ikakwama. Ruhusa za kutumia nyumba na mitaa zikaanza kufutwa, vitisho vikaingia, na mtayarishaji Albert Ruddy ameeleza jinsi gari lililokuwa mikononi mwa msaidizi wake lilivyopigwa risasi.

Ruddy alikwenda kuonana na Colombo mwenyewe. Walikubaliana kwamba jina "Mafia" lisitamkwe katika filamu. Makubaliano hayo hayakumgharimu Ruddy kitu, kwani katika mswada mzima jina hilo halikuwa limejaa. Wakubwa wa kampuni walisoma gazetini kwamba mtayarishaji wao ameketi meza moja na watu wa namna ile, wakataka kumfukuza. Wakambakiza kwa sababu bila yeye hapangekuwa na filamu. Tangu siku hiyo milango ikafunguka. Malori yakapita, vibali vikapatikana, mabwana wa suti wakapewa nafasi ya mbele.

Niliyaeleza hayo kwa mzee wangu wa Mombasa usiku ule, nikidhani nimeleta habari kubwa. Alikuwa anapika wali wa nazi ya kopo, akinung'unikia nazi.

"Sasa, mwanangu," akaniuliza, "hao wakitaka kuchorwa wanaulizwa kwanza. Na sisi je, nani katuuliza?"

Nilikuwa mdogo. Nilimjibu, "Mzee, sisi hatumo kwenye filamu hiyo."

"Mtakuwamo," akasema. "Ngojea."

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba moyo wa filamu ile ulipigwa picha hapohapo Harlem. Studio ya Filmways ilikuwa Mtaa wa 127 upande wa mashariki, jengo zito lisilo na urembo, na ndani yake ndimo ilimojengwa ofisi ya Don Corleone, kile chumba chenye mapazia yaliyofungwa ambamo waombaji wanaingia kubusu mkono. Nilikuwa nikipita kwenda kwa rafiki, naona malori yake, naona watu wanavuta sigara mlangoni. Sikupata kuingia hata siku moja. Yaliyotendeka ndani nimeyajua kama mlivyoyajua ninyi, kwa maelezo ya waliokuwemo, na ninayasimulia kwa sababu yanafurahisha, na kwa sababu nilikuwa upande wa pili wa ukuta.

Yule paka, kwa mfano. Mswada haukuwa na paka. Alikuwa paka wa mitaani aliyejiingilia studioni, Coppola akamwokota na kumweka mapajani mwa Brando bila neno. Brando alipenda wanyama, akaanza kumkuna shingo huku akiendelea kusema. Ndiyo picha ile ambayo dunia nzima inaikumbuka: mkono laini juu ya paka, na mdomo unaozungumzia kupiga watu. Taabu ni kwamba paka alinogewa akakoroma mpaka akameza maneno ya mwigizaji mkubwa kuliko wote wa Marekani, na mafundi wa sauti wakalazimika kuhangaika baadaye. Harlem ilikuwa na paka wengi wa namna ile. Mmoja wao alifika mbali kuliko sisi wote.

Gordon Willis, mpiga picha, aliweka taa juu ya vichwa vya watu zikimulika chini, kwa sababu sura ya bandia ya Brando ilihitaji mwanga wa juu. Matokeo yake macho ya Don yakawa mashimo ya kivuli. Wakubwa walilalamika kwamba wamemlipa mtu wasimwone macho. Willis hakubadili. Leo kila anayetengeneza filamu ya majambazi anaiga kivuli kile, na wengi wao sidhani kama wanajua kilitokana na haja ya kuficha vipodozi.

Lenny Montana ndiye ninayempenda kuliko wote. Lilikuwa jitu, mwanamieleka wa zamani, amepewa nafasi ya Luca Brasi, muuaji mwaminifu anayekuja kumshukuru Don kwa kualikwa harusini. Mbele ya Brando akashikwa na woga. Maneno yakamkwama kooni, akayakosea, akayarudia. Mwongozaji mwingine angemrudisha nyumbani. Coppola aliacha makosa yale ndani ya filamu, kisha akatunga kipande kidogo kinachomwonyesha Luca amekaa peke yake nje akiyakariri maneno yake kabla ya kuingia. Woga wa mwigizaji ukawa woga wa mtumishi mbele ya bwana wake. Na huyo Brando aliyemtisha mwenzake hakuwa amekariri chochote. Mistari yake iliandikwa kwenye makaratasi yaliyobandikwa huku na huko, na ipo picha inayomwonyesha Robert Duvall ameshikilia karatasi ya namna hiyo kifuani kwake, Brando akimsoma kama ubao wa shule.

Al Pacino ndiye aliyekaribia kupotea. Alikuwa mwigizaji wa jukwaani, mfupi, asiyejulikana, na wakubwa waliotazama picha za siku za mwanzo waliona kijana baridi asiyefanya kitu. Coppola naye alikuwa anasikia minong'ono kwamba yeye mwenyewe atafukuzwa, na baadhi ya walioinong'ona aliwahi kuwafukuza yeye kwanza. Kilichomwokoa Pacino ni tukio la mgahawa, pale Michael, mtoto wa Don anayechezwa na Pacino, anapowaua Sollozzo, adui wa Don, na kapteni mmoja wa polisi. Lilichukuliwa katika mgahawa mdogo huko Bronx, chini ya reli ya juu. Mnaolikumbuka mtakumbuka kelele ya treni inayopanda na kupanda wakati Michael amekaa, macho yanacheza, kabla hajainuka. Treni haionekani. Ilitiwa baadaye na Walter Murch, mtaalamu wa sauti, akijua kwamba kichwani mwa yule kijana kuna kitu kinachosaga chuma. Mimi nimepanga chumba karibu na reli ya aina ile. Treni ikipita, mazungumzo husimama katikati ya sentensi, mtu anabaki na mdomo wazi, na uso wake unasema yote ambayo ulimi umezuiwa. Murch aliyajua mambo ya mji ule.

Baada ya kufyatua, Pacino alitakiwa arukie gari linaloondoka. Akakosea, akateguka kifundo cha mguu, na ameeleza mwenyewe kwamba alipokuwa amelala chini alimshukuru Mungu kwa kuwa sasa wangemtoa katika ile kazi. Hawakumtoa. Walikuwa wameona alichofanya mezani.

Kichwa cha farasi nitakipitia haraka maana watu hukipenda kupita kiasi. Ndiyo, kilikuwa cha kweli. Kililetwa kutoka kiwanda cha chakula cha mbwa huko New Jersey, ambako farasi walikuwa wanachinjwa kila siku bila ya mtu kulia. Filamu ilipotoka watu walituma barua za hasira kwa ajili ya mnyama mmoja. Coppola alishangaa kwamba watu wote waliouawa katika filamu hawakuandikiwa hata barua moja.

Nilipokwenda kufanya kibarua New Jersey kiangazi kile, nilipita eneo lenye matete marefu ambapo unaiona Sanamu ya Uhuru kwa mbali ikiwa imekupa mgongo. Mahali pa namna hiyo ndipo Clemenza, mtu wa Don, na mwenzake wanapomwacha dereva amekufa ndani ya gari. Mswada ulimtaka Clemenza aseme bastola iachwe, basi. Richard Castellano, aliyemwigiza, akaongeza kwa kichwa chake kwamba kanoli zichukuliwe, yale maandazi ya Kisisilia yenye jibini tamu ambayo mkewe alimwagiza asubuhi. Mpishi wetu alicheka mpaka akakaa chini alipoliona jambo lile mwaka uliofuata. Alisema ndivyo walivyo hasa: mtu aliyetoka kuua bado anaogopa kurudi nyumbani mikono mitupu.

Naja sasa kwenye siku ambayo haimo katika filamu.

Jumatatu tarehe 28 Juni 1971, Colombo aliitisha mkutano wake mkubwa wa hadhara kwenye Mzunguko wa Columbus. Bendera za Italia, muziki, familia na watoto. Wapiga picha wa bwana Coppola walikuwa bado hawajaondoka mjini. Kabla hotuba hazijaanza, kijana mmoja aliyekuja na kamera na kitambulisho cha mwandishi wa habari alimkaribia Colombo na kumpiga risasi tatu. Papo hapo mtu mwingine akampiga yule kijana akamwua, akayeyuka ndani ya umati. Huyo wa pili hajapata kujulikana hadi leo. Kijana aliyeuawa aliitwa Jerome Johnson, umri wake miaka 24, na alikuwa mweusi.

Sisi tulisikia kwa redio ya jikoni. Kwanza habari kwamba Colombo amepigwa. Kisha, baada ya dakika kadhaa, rangi ya aliyempiga. Sahani niliyokuwa nayo mkononi niliiweka chini polepole. Jikoni mle nilikuwa mweusi peke yangu, na mlango wa nyuma ulitokea kwenye mtaa ambao nusu ya wanaume wake walikuwa wamevaa beji ya kile chama. Mpishi alinitazama kwa muda. Akavua aproni yake, akasema twende, akanisindikiza kwa mguu hadi ngazi za treni, mkono wake begani kwangu, akizungumza Kiitaliano kwa sauti kubwa na kila tuliyempita. Hakuna aliyenigusa. Nilipofika Harlem mzee wangu alikuwa amesimama barazani. Hakuniuliza kitu, alisema tu, "Kesho huendi," na mimi sikwenda.

Colombo hakufa siku ile. Aliishi amepooza hadi mwaka 1978. Polisi na magazeti walimtazama Joe Gallo, hasimu wake, aliyekuwa maarufu kwa kufanya urafiki na wafungwa weusi alipokuwa jela, lakini halikuthibitishwa jambo. Mwaka uliofuata, alfajiri ya tarehe 7 Aprili, Gallo alikuwa anakula vyakula vya baharini pamoja na familia yake katika mgahawa mpya wa Mtaa wa Mulberry, akisherehekea siku yake ya kuzaliwa. Waliingia watu wakamfyatulia. Alitoka akipepesuka, akafia barabarani. Kutoka pale hadi kwenye meza ya machungwa ni mwendo wa dakika chache, na filamu ilikuwa na wiki tatu tu tangu ianze kuonyeshwa. Walioshuhudia walikuwa wanajua kabisa mtu akipigwa risasi Little Italy anaangukaje. Walikuwa wameshaonyeshwa.

Niliiona filamu Machi 1972 kwenye jumba la Broadway, baada ya foleni iliyozunguka pembe ya mtaa. Mara ya pili nikaiona Harlem, na hiyo ndiyo ninayoikumbuka. Watu walikuwa wanaipenda. Walicheka na Clemenza, walimshangilia Sonny, mtoto mkubwa wa Don, akimpiga shemejiye, na alipouawa penye kizuizi cha kulipia barabara, mwili umejaa vifuko vya damu ya bandia vikipasuka kimoja baada ya kingine, ukumbi ulipiga yowe. Kisha likaja baraza la wakubwa wa koo, wazee wa heshima kuzunguka meza ndefu. Wanazungumzia unga. Mmoja wao anasema kwa utaratibu kabisa kwamba kwake biashara hiyo atawaachia watu weusi tu, kwa kuwa hao ni wanyama, waache wapoteze roho zao.

Sijasikia ukimya wa namna ile katika ukumbi wa sinema. Harlem ya mwaka 1972 ilikuwa imejaa heroini hadi kwenye ngazi za nyumba. Katika jengo letu tuliruka vijana waliolala kwenye korido wakati wa kutoka kwenda kazini. Juni iliyotangulia, siku kumi na moja kabla ya Colombo kupigwa, Rais Nixon alitangaza dawa za kulevya kuwa adui namba moja wa taifa. Unga ulikuwa umefikaje pale kwetu, kila mtu alikuwa na hadithi yake. Sasa mtu alikuwa ameitamka juu ya kitambaa cheupe, mwenye suti, akipunga mkono. Nyuma yangu mwanamume mmoja alisema kwa sauti ya kawaida, "Angalau huyu amesema." Baadhi wakacheka. Baadhi wakatoka.

Simlaumu Puzo wala Coppola kwa maneno yale. Nadhani ndiyo maneno ya kweli kuliko yote mle ndani, na mwandishi mwoga angeyaacha. Ninachokisema ni kwamba kabla ya kamera kuwashwa, mkuu wa ukoo wa majambazi aliitwa mezani akaulizwa ni jina gani linamuudhi, nalo likafutwa. Studio ilikuwa Mtaa wa 127. Ingekuwa rahisi kuvuka barabara.

Nilimweleza mzee wangu. Hakusema "nilikwambia." Alisema hajapata kuiona filamu hiyo wala haitaki, ana majambazi wake wa kutosha aliowaona bandarini, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na sauti nzuri.

Alikubali kutazama sherehe za Oscar, hata hivyo, tarehe 27 Machi 1973, kwa sababu televisheni ilikuwa yake na mimi nilikuwa nimenunua samaki. Jina la Brando likatajwa kuwa mwigizaji bora. Hakupanda yeye. Alipanda mwanamke kijana mwenye nywele ndefu, amevaa vazi la ngozi, aliyejitambulisha kwa jina la Sacheen Littlefeather na kusema yeye ni Mwapache. Mwigizaji Roger Moore akamnyoshea sanamu ya dhahabu, naye akainua kiganja kuikataa. Alisema Brando hawezi kuipokea kwa sababu ya jinsi sinema zinavyowatendea Wahindi Wekundu. Alikuwa na hotuba ndefu ya Brando mkononi, lakini aliambiwa akizidisha sekunde 60 ataondolewa, basi akasema yaliyotoka moyoni. Wengine walimzomea, wengine walimpigia makofi, na zile kelele mbili zilikuwa zinapigana ndani ya chumba chetu kidogo. Akademi inayotoa Oscar ilimwomba radhi mwaka 2022, miaka karibu 50 baadaye, miezi michache kabla hajafa.

Mzee alitazama mpaka mwisho bila kusema, samaki amepoa mbele yake. Niliona jambo lile limemgusa, nikangoja neno.

"Na ile sanamu," akauliza hatimaye, "nani kaichukua?"

Sikujua wakati ule. Jibu lilikuja baada ya yeye kuzikwa: Roger Moore amesimulia kwamba alibaki nayo mkononi, hakuna aliyemwambia aipeleke wapi, akaenda nayo nyumbani, hadi Akademi walipotuma walinzi wenye silaha kuja kuichukua.